Samatta Kati ya Sifa na Kejeli: Lipi Kweli, Lipi Si Kweli?

Nenda kijiwe chochote cha kahawa Dar es Salaam, litaje jina la Mbwana Ally Samatta, kisha kaa kimya usikilize. Kabla kikombe hakijaisha utakuwa umesimuliwa wachezaji wawili. Mmoja ni shujaa ambaye kila alichokifanya hakikuwahi kufanywa na mtu mwingine wa ukanda huu. Wa pili ni kijana aliyepewa nafasi England, akaichezea ikaondoka. Wote wawili ni wa kutungwa. Samatta wa kweli alizaliwa Desemba 23, 1992, akaanzia soka Mbagala, na kazi yake ina tarehe, ina mabao, ina medali. Mimi ni mmoja wa waliomfuatilia hatua kwa hatua, na naona sifa za uongo zinamdhulumu sawasawa na kejeli za uongo. Basi tuyachukue maneno ya vijiweni moja baada ya jingine.

"Samatta ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya."

Si kweli, na tukiendelea kulisema tunamfuta mtu. Katika miaka ya 1970, Sunday Manara wa Yanga, yule mashabiki waliyempa jina la Kompyuta kwa jinsi alivyokuwa akiusoma mchezo, alikwenda Uholanzi kuichezea Heracles. Samatta alikuwa hajazaliwa. Nje ya Ulaya pia wapo waliomtangulia: Nizar Khalfan aliichezea Vancouver Whitecaps ya Canada.

Ya kwanza yaliyo ya Samatta kwa haki ni haya: Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi ya Mabingwa Ulaya, na Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya England. Hayo yanamtosha. Hakuna haja ya kumvika kanzu ya Manara.

"Ametengenezwa Simba."

Nusu kweli, na nusu ile ni ndogo. Simba ilimchukua mwaka 2010 kutoka African Lyon, timu ambayo awali iliitwa Mbagala Market. Msimbazi hakukaa hata miaka miwili. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe katika Ligi ya Mabingwa Afrika, Mazembe wakashinda uwanjani, lakini wakaja kuondolewa mashindanoni baada ya Simba kukata rufaa kuhusu usajili wa beki Janvier Besala Bokungu. Watu wengi wanaikumbuka rufaa. Mimi naona jambo kubwa zaidi lilikuwa jingine: Mazembe waliondoka katika mechi zile wakiwa wamemwona kijana wa miaka 18 wanayemtaka, na mwaka huohuo wakamchukua.

Ukitaka kujua Samatta ametengenezwa wapi, jibu ni Lubumbashi, nyumbani kwa Mazembe kule Kongo. Alikaa pale misimu mitano. Hapo pana jambo ambalo sisi hulipita haraka. Lubumbashi ni mji wa Kiswahili. Kina ladha yake, kimechanganyika na Kifaransa, lakini ni Kiswahili. Kijana wa Dar anashuka ndege mwenyewe, mbali na mama, mbali na rafiki, na bado muuza maandazi anamsalimia kwa lugha anayoielewa. Wachezaji wangapi wetu wamerudi nyumbani baada ya miezi sita, si kwa kukosa kipaji, bali kwa baridi, chakula na upweke wa kutoelewa kinachosemwa chumba cha kubadilishia nguo? Samatta alijifunza maisha ya kulipwa katika mji ambao lugha haikuwa adui. Na klabu yenyewe haikuwa ya kubahatisha: mwaka mmoja kabla ya kumsajili, Mazembe walikuwa wamefika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu dhidi ya Inter Milan.

Malipo yalikuja Novemba 2015. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, USM Alger ya Algeria. Mechi ya kwanza, Algiers, Mazembe wanashinda 2-1 na Samatta anafunga. Ya marudiano, Lubumbashi, Novemba 8, mambo bado magumu hadi kipindi cha pili kinapokwenda ukingoni, penalti inatolewa. Anachukua mpira Samatta. Penalti ya fainali ya Afrika, mbele ya uwanja mzima, si mzaha. Goli linaweza kuonekana dogo kama tundu la sindano. Alifunga. Mazembe wakamaliza 2-0 na kutwaa kombe, na yeye akawa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano, mabao 7.

"Aliwahi kuwa Mchezaji Bora wa Afrika."

Hili linasemwa hata na watangazaji, na linahitaji neno moja la nyongeza. Januari 2016, mjini Abuja, Samatta alitwaa tuzo ya Mchezaji Bora wa Afrika *kwa wanaocheza ndani ya Afrika*. Tuzo kuu ya usiku ule ilikwenda kwa Pierre-Emerick Aubameyang wa Gabon. Tofauti hiyo isemwe wazi, maana ikifichwa, siku mtoto atakapoitafuta orodha na kulikosa jina, ataona tumemdanganya na kwa mengine.

Tuzo ile pia haikubaki ya Mtanzania peke yake katika ukanda wetu. Mwaka uliofuata ilichukuliwa na Denis Onyango, kipa wa Uganda aliyekuwa Mamelodi Sundowns. Mtanzania halafu Mganda, mfululizo. Sijui kwa nini hatulisherehekei hilo pamoja.

"Alifeli England."

Hapa ndipo penye kelele nyingi, kwa hiyo tukae kidogo.

Januari 1, 2020, Aston Villa walikwenda Burnley na wakampoteza mshambuliaji wao Wesley, aliyeumia goti vibaya. Timu ilikuwa inahangaika mkiani. Januari 20 wakamleta Samatta kutoka Genk ya Ubelgiji. Alifika katikati ya msimu, katika nyumba inayoungua, kuziba pengo la mtu mmoja bila maandalizi ya msimu mpya na bila mechi za kirafiki. Februari 1, mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth, akafunga. Villa walipoteza 2-1, lakini bao la kwanza la Mtanzania katika ligi ile lilikuwa limeshaandikwa.

Kisha Wembley. Machi 1, 2020, Jumapili, saa moja na nusu usiku kwa saa zetu, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Mabanda ya kuonyeshea mpira, yale tunayoyaita vibanda umiza, yalijaa watu ambao wiki mbili nyuma wasingeweza kukutajia beki hata mmoja wa Villa. City walikuwa mbele 2-0, Agüero na Rodri. Dakika ya 41 John Stones anateleza, Anwar El Ghazi anaupata mpira na kupiga krosi, na Samatta, aliyekwishaanza safari yake kabla krosi haijapigwa, anajirusha mzima mzima na kuupiga kichwa chini. Kipa Claudio Bravo hana la kufanya. Nilipokuwa nimekaa, benchi la mbao lilianguka na hakuna aliyeshughulika kuliinua mpaka mapumziko.

Iangalie tena picha ile, usiangalie kichwa, angalia miguu yake sekunde moja kabla. Hakuusubiri mpira aone unakuja wapi. Aliamua utakuja pale, akaenda pale. Hiyo ndiyo kazi ya mshambuliaji wa kati, na huwezi kuifanya kwa bahati mbele ya mabeki wa Guardiola. Dakika za mwisho Björn Engels wa Villa alipiga kichwa, Bravo akaugusa mpira ukagonga nguzo. Ungeingia, mechi ingekwenda sare 2-2 na huenda leo tungekuwa tunasimulia mengine kabisa.

Siku chache baadaye ligi ikasimama kwa ugonjwa wa korona. Iliporudi katikati ya Juni, viwanja vilikuwa vitupu, Villa walikuwa ndani ya mstari wa kushuka daraja, na mabao ya Samatta hayakuja. Hilo lazima lisemwe bila kupakwa mafuta: alicheza mechi 14 za ligi na kufunga bao 1. Kwa straika hiyo ni hesabu ndogo. Villa waliponea siku ya mwisho kwa tofauti ya pointi moja, Septemba wakamnunua Ollie Watkins, na mwezi huohuo Samatta akaenda Fenerbahçe ya Uturuki.

Je, ni kufeli? Yeye mwenyewe ana msemo wake ambao mashabiki wameuchukua, haina kufeli, lakini tusiutegemee msemo. Tutegemee kipimo. Aliyefeli ni yule aliyeshindwa kazi aliyopewa muda wa kuifanya. Samatta alipewa miezi sita, mitatu kati yake dunia ikiwa imefungwa. Alifunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi na akafunga katika fainali. Hukumu yangu ni kwamba England haikumfanikia. Haikumfanikia, basi, maneno hayo yanatosha. Kufeli ni neno kubwa mno kwa mechi 14.

Tena kinachonisikitisha ni kwamba miezi ile sita imeifunika miaka minne ya Ubelgiji, ambayo ndiyo kilele chake. Msimu wa 2018-19 Genk walitwaa ubingwa wa Ubelgiji na Samatta akafunga mabao 23 ya ligi. Mwaka 2019 akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ile. Agosti 2018 aliwapiga Brøndby ya Denmark hat-trick katika Europa League. Kisha Ligi ya Mabingwa: Septemba 2019 akafunga Salzburg, usiku ambao Genk walichapwa 6-2 na kijana mmoja anayeitwa Erling Haaland akaanza kujulikana duniani. Novemba 5, Anfield, mbele ya Liverpool waliokuwa mabingwa wa Ulaya, Genk wakapata kona. Samatta akapanda juu ya msitu wa mabeki na kusawazisha kwa kichwa. Walifungwa 2-1 mwishowe. Muulize shabiki wa kijiweni kuhusu bao la Wembley, atakuelezea kwa mikono. Muulize la Anfield, wengi watakutazama tu.

"Ndiye mwana Afrika Mashariki wa kwanza kila mahali, na ndiye mkubwa kuliko wote."

Si kweli. Hapa ndugu zetu Wakenya wana haki ya kukasirika.

Victor Wanyama aliingia Ligi Kuu ya England mwaka 2013 akiwa na Southampton, miaka saba kabla ya Samatta, na akacheza mechi zaidi ya 150 za ligi hiyo, Southampton na Tottenham. Novemba 2012 aliifungia Celtic bao dhidi ya Barcelona katika Ligi ya Mabingwa, Celtic wakashinda 2-1. Kaka yake, McDonald Mariga, alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2010. Saido Berahino, mzaliwa wa Burundi, alifunga mabao 14 ya Ligi Kuu ya England katika msimu mmoja, 2014-15, akiwa West Bromwich Albion, kabla hajaichagua Burundi kama timu yake ya taifa. Na Michael Olunga, aliyewahi kupiga mabao 8 katika mechi moja Japan, alikuwa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi kuu ya nchi hiyo mwaka 2020 kwa mabao 28.

Hata ule ubingwa wa Genk una mtangulizi. Mwaka 1999, Genk walipotwaa ubingwa wa Ubelgiji kwa mara ya kwanza katika historia yao, mmoja wa washambuliaji wao alikuwa Mkenya: Mike Okoth, baba yake Divock Origi. Miaka 20 kamili kabla ya Samatta, jezi ileile, kombe lilelile.

Sasa nani mkubwa? Ukipima kwa muda na uthabiti katika ligi ngumu kuliko zote, Wanyama yuko mbele, na sioni hoja ya kumwondoa pale. Ukipima kwa mataji makubwa ya Afrika na kuyafungia mabao ya fainali, Samatta hana mpinzani katika kizazi chake cha ukanda huu. Mmoja ni kiungo mkabaji, kazi yake ni kuzuia wengine waonekane. Mwingine ni straika. Kuwashindanisha kwa mabao ni kumwonea Wanyama, na kuwashindanisha kwa idadi ya mechi England ni kumwonea Samatta.

"Thomas Ulimwengu alikuwa na kipaji kuliko yeye, bahati tu."

Hili huwezi kulithibitisha wala kulikanusha, ila neno "tu" ndilo la kukataa. Walikuwa pamoja Mazembe, na Ulimwengu alikuwa na nguvu na kasi ambazo mabeki wa Afrika walizijua. Naye alitwaa ubingwa ule wa 2015. Aliondoka Lubumbashi baada ya mwenzake, akajaribu Sweden na Bosnia, akarudi Afrika. Kipaji ni mtaji. Baada ya hapo kuna magoti, kuna kocha anayekuamini, kuna klabu inayokuhitaji wiki ileile uliyo tayari. Genk walimhitaji Samatta Januari 2016 naye akawa tayari, akiwa ametoka kutwaa tuzo mwezi huohuo. Kuwa tayari si bahati.

"Akicheza Taifa Stars hajitumi, mabao yake yako klabuni."

Mshambuliaji anayeletewa krosi kumi Ubelgiji na kuletewa mbili nyumbani hawezi kuonekana yuleyule. Lakini tutazame matokeo. Kabla ya kizazi hiki Tanzania ilikuwa imecheza fainali za Mataifa ya Afrika mara moja, mwaka 1980 kule Lagos. Katika wakati wa Samatta imefuzu za 2019, za 2023 na za 2025. Misri mwaka 2019, yeye akiwa nahodha, alifunga dhidi ya Kenya katika mechi tuliyoongoza mara mbili na kupoteza 3-2, mechi ambayo bado inaniwasha.

Ila kwa haki ileile, safari zile hazikuwa za mtu mmoja. Simon Msuva alifunga Misri dhidi ya Kenya, akafunga Ivory Coast dhidi ya Zambia, na bao la Novemba 2024 dhidi ya Guinea lililotupeleka fainali za Morocco lilikuwa lake. Ukiniuliza ni mchezaji gani wa taifa hili anayestahili sifa zaidi ya anazopewa, nitakutajia Msuva kabla hujamaliza swali.

"Mchezaji wa Ulaya ndiye anayependwa zaidi nyumbani."

Si kweli, na ushahidi uko barabarani. Juni 2017 Wanyama alikuja Dar es Salaam kupumzika, na meya wa Ubungo wa wakati huo akaipa barabara moja jina lake. Haikupita muda mrefu kibao kikaondolewa; ngazi za juu zilisema utaratibu haukufuatwa, na wananchi wengi walikuwa wakiuliza kwa nini asipewe Mtanzania. Naye Samatta, siku aliposajiliwa Villa, Watanzania walihamia kurasa za klabu ile mitandaoni kwa maelfu na kuzijaza Kiswahili. Alipoondoka, nao waliondoka. Mapenzi yale yalimfuata mtu.

Lakini mapenzi ya kila Jumamosi ni mengine, na hayo ni ya Simba na Yanga. Mzambia Clatous Chama, Mkongomani Fiston Mayele, Mganda Emmanuel Okwi, Mburkinabe Stephane Aziz Ki: hawa wameimbwa Kariakoo na Jangwani kwa sauti ambayo Samatta hakuwahi kuipata akiwa Genk. Mrisho Ngassa alifika hadi majaribio West Ham mwaka 2009, hakusajiliwa, akarudi, na penzi la mashabiki wake halikupungua hata chembe. Shabiki humpenda anayemwona. Samatta ameonekana uwanjani Dar kwa klabu kwa muda mfupi sana, kwa hiyo wengi wetu tunamjua kwa vipande vya video na kwa tetesi, na tetesi ndizo zinazozaa maneno haya yote.

"Amekwisha."

Neno hili nimelisikia alipokwenda Uturuki, nikalisikia alipokwenda Antwerp kwa mkopo, nikalisikia aliporudi Genk, nikalisikia tena aliposaini PAOK mwaka 2023. Msimu huo wa kwanza wa Ugiriki, PAOK wakatwaa ubingwa. Agosti 2025, akiwa na miaka 32, akasajiliwa na Le Havre ya Ligi Kuu ya Ufaransa. Tangu aondoke Lubumbashi Januari 2016, Samatta amecheza ligi kuu za Ubelgiji, England, Uturuki, Ugiriki na Ufaransa, na hakuna msimu hata mmoja tangu wakati huo aliouanza bila klabu ya Ulaya.